Jina Nisilolitaja na Ndama Walioongezeka

Ijumaa jioni, Nkende. Mvua imekatika sasa hivi, bati bado linadondosha, na mume wangu yuko jikoni anachoma mahindi huku akiimba vibaya sana. Naipenda hiyo sauti. Nimeolewa juzijuzi tu, nivumilieni.

Leo nimeogopa kuliko siku ya harusi.

Nianzie kwenye furaha. Mimi niliishia kidato cha nne, lugha ya kuandikia programu, PHP, nimejifunzia kwenye simu, halafu mume wangu Mwita akaninunulia laptopu kabla hata hatujanunua kabati. (Nguo zetu bado ziko kwenye masanduku. Sijali kabisa.) Baba yake, mkwe wangu, akasimama kwenye mkutano wa wafugaji kule Nyamwaga akasema kazi ya kutengeneza programu ya kikundi chao apewe mke wa Mwita, anaiweza. Alisema hivyo mbele ya wazee wenzake wote.

Programu yenyewe inatunza orodha ya wafugaji na ndama wao kwenye kanzidata, na daktari wa mifugo akipanga kuja kuchanja, kila mwenye ndama anapata meseji.

Mwanzoni niliandika kama mtu anayehama nyumba kila siku. Kila ukurasa nilifungua kanzidata upya, nikaandika ombi lilelile la kutafuta taarifa upya, nikakosea upya. Wiki hii nikapata akili: ombi naliandika mara moja ndani ya fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, naipa jina, kisha kurasa zote zinaiita. Nina leta_wote, nina ongeza, na kipenzi changu mwenye_ndama: unaipa ndama, inakuletea mwenye ndama huyo pamoja na namba yake ya simu. Kurasa zangu zikawa fupi, safi, zinasomeka kama barua. Nilimwonyesha Mwita, akasema hajaelewa kitu ila zimependeza. Ndiyo maana nilikubali kuolewa naye.

Leo mchana mwenyekiti wa kikundi akabonyeza kitufe cha kutuma meseji za chanjo ya kesho asubuhi. Nikajipongeza kwa chai.

Chai haijapoa, mama mkwe akapiga simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko.

"Mwanangu, baba yako anauliza, ng'ombe wake wamezaa lini?"

"Wamezaa, mama?"

"Simu inalia tu. Leta ndama wako, leta ndama wako. Ametoka kwenda zizini kuhesabu."

Mwita akalala chali mkekani kwa kucheka. Mimi sikucheka. Kama meseji zote zile zimeenda kwa baba mkwe, basi kuna wafugaji hawajapata kitu. Kesho daktari anakuja, ndama wao watabaki bila chanjo, na wazee watamwuliza baba mkwe: huyu ndiye uliyemsimamia?

Sasa nikiri kitu ambacho msomaji wa huku kwetu atakuwa ameshakihisi.

Mkaza mwana halitaji jina la baba mkwe wake. Silitamki, na hata hapa siliandiki. Hata jina kamili la mume wangu naliishia katikati, kwa sababu nusu ya pili ni la baba yake. Basi nilipokuwa najaribu fanksheni zangu, niliingiza majina yote ya kikundi, moja baada ya jingine, nikaliruka hilo moja. Vidole vyenyewe viligoma.

Na ndilo hilo lililokuwa na shida! Huku kwetu majina ya mababu yanarudi kwa wajukuu, na kwenye kikundi kuna wanaume wengine watatu wanaoitwa hivyohivyo, la kwanza na la pili. Mwenye_ndama ilikuwa inatafuta kwa jina la mfugaji lililoandikwa kwa kila ndama, inachukua wa kwanza inayemkuta, basi. Baba mkwe ndiye aliyejiandikisha wa kwanza kuliko wote. Kwa hiyo ndama wa wale wengine wote wakawa wa kwake.

"Sogea, mke wangu," Mwita akasema. "Mimi ni mwanawe, nitaandika."

Akaliandika jina la baba yake kwa kidole kimoja. Kioo kikaleta mtu mmoja.

"Na wale wengine wenye jina hili wako wapi?" akauliza.

Nilimbusu shavuni nikaanza kazi.

Nilimpa kila mfugaji namba yake, na kila ndama akabeba namba ya mwenyewe badala ya jina. Ndama wa wale wenye majina yaliyofanana Mwita alinitajia mmoja mmoja, huyu mweusi mwenye baka ni wa nani, yule mwekundu ni wa nani. Wenye ndama hao amekulia nao. Kisha nikaifungua mwenye_ndama, nikabadilisha mstari mmoja: tafuta kwa namba.

Mstari mmoja! Kurasa zote zinazoiita zikapona palepale bila kuguswa. Mwezi uliopita ningezunguka faili hadi faili nikilia.

Tukatuma upya kwa wale watatu, na neno la kuomba radhi. Wa kwanza akajibu haraka: "Asante, nilidhani mmenisahau." Wa pili akajibu sawa. Wa tatu alichelewa, mvua ikaanza na kukatika, nikawa nazunguka chumbani, mpaka naye akaandika kwamba ataleta wawili.

Nikakaa chini nikapumua.

Halafu nikagundua jambo tamu. Sasa naweza kumtafuta baba mkwe kwenye programu yangu mchana kutwa bila kuligusa jina lake. Ni namba moja tu. Kumbe heshima na kanzidata vinaweza kukaa nyumba moja.

Simu ikalia tena, mama mkwe.

"Baba yako amesikia meseji zile zilikuwa za wenzake. Anasema alishaanza kuzoea utajiri. Anadai umrudishie ndama wake."

Nyuma yake nikasikia mwanaume anacheka. Tangu nimeolewa, huo ndio utani wa kwanza aliowahi kunitumia.

Kesho asubuhi tunaenda Nyamwaga kwenye chanjo. Nitamwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha macho, kama inavyotakiwa. Ila ndama wake wakipita mmoja mmoja mbele yangu, nitajizuiaje kucheka?