Ufunguo wa Chumba cha Marefa

Sainte-Ludivine, Oktoba 14, 2018

Binti yangu Josiane,

Hujambo huko Rimouski? Na kile kifua kimepona? Mimi sijambo, ila masikio ni yale yale. Miaka ishirini na saba juu ya mashine ya kulainisha barafu si mchezo. Ndiyo maana nakuandikia: kwenye simu nasikia nusu, nusu nabuni, halafu unakasirika.

Nimepata barua ya klabu yetu ya magongo ya barafuni. Kila mwenye ufunguo wa uwanja lazima ahudhurie mafunzo ya kuzuia ukatili wa kingono, na mafunzo yenyewe yanatoka kwenye shirika lako. Sasa niambie ukweli, mwanangu, nani kawaita? Lisemwalo lipo. Pale kwenye kahawa watu wameanza kuangaliana. Nimelainisha barafu ya mji huu tangu 1991, leo nikalishwe kitini nifundishwe jinsi ya kukaa na watoto?

Kocha Gaétan anakusalimia. Anasema usije ukamtia pingu kabla msimu haujaanza. Bado anakuja kila Ijumaa tunacheza karata. Tangu tumzike mama yako Huguette hajakosa hata Ijumaa moja, na jeneza alilibeba yeye upande wa mbele, hilo silisahau.

Mwaka huu tuna mlinda lango hodari, msichana wa miaka kumi na minne anaitwa Maïka. Yuko peke yake kati ya wavulana, kwa hiyo anabadilishia nguo chumba cha marefa. Namfungulia, akitoka nafunga. Ndiyo kazi yangu ya ziada.

Baba yako,
Yvon


Rimouski, Oktoba 22, 2018

Baba mpenzi,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, asante. Wewe unakula kitu kingine zaidi ya viazi vya kukaanga vya pale uwanjani?

Hakuna aliyetuita. Tunapita klabu zote za pwani, moja baada ya nyingine, na zamu yenu imefika. Mwenzangu atafundisha watu wazima, mimi vijana. Utasikia kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, hata awe mtakatifu. Usinune, baba. Fundi umeme naye hufundishwa asiguse waya, na hakuna anayemwita mwizi.

Tutakuja Novemba 3. Nitalala hotelini na mwenzangu, ila chakula cha jioni nakula kwako.

Binti yako,
Josiane


Rimouski, Novemba 5, 2018

Baba mpenzi,

Natumaini u mzima. Asante kwa ule mkate wa nyama, ulikuwa mtamu kama wa mama. Samahani niliondoka kabla ya kahawa.

Nina swali moja. Ufunguo wa chumba cha marefa anao nani? Naomba unijibu kwa ukamilifu, na usimwambie mtu kwamba nimeuliza.

Josiane


Sainte-Ludivine, Novemba 12, 2018

Josiane,

Mimi mzima. Theluji imeanza.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ulikaa mezani kwangu ukichezea uma, hukunitazama usoni, kisha ukaondoka mbio. Sasa unaniuliza habari za funguo, tena hujatia hata neno "binti yako" chini ya jina lako. Je, mlikuja kufundisha au kupeleleza?

Mafunzo nilikwenda. Nilikaa nyuma. Mwenzako alisema wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaopendwa na mji mzima, na niliona watu wakitazama viatu vyao. Mambo ya namna hiyo yanafanya jirani amshuku jirani.

Jibu lako hili hapa: ufunguo ninao mimi peke yangu. Hata Gaétan amesema ndivyo ilivyo. Nilimgusia Ijumaa, akacheka, akasema waambie ni wewe tu, mzee wa barafu, waache maswali ya kipuuzi.

Yvon


Rimouski, Novemba 19, 2018

Baba,

Nilikuomba usimwambie mtu.

Sikupaswa kukuandikia kuhusu ufunguo, lilikuwa kosa langu na wakubwa zangu nimewaambia. Sitaandika tena kwa muda, na Krismasi sitakuja. Watakuja watu wawili kukuuliza maswali. Wajibu wao, usinijibu mimi.

J.


Sainte-Ludivine, Januari 20, 2019

Binti yangu Josiane,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Yangu si mbaya. Krismasi nilikula peke yangu, nikaosha sahani moja.

Nimeambiwa naweza kukuandikia sasa, maana maelezo yangu yamekwisha kuandikwa na kutiwa sahihi. Basi nisome mpaka mwisho, hata kama umenichukia.

Walikuja Novemba 28, mama mmoja wa ulinzi wa watoto na askari kijana. Waliniuliza kama wewe: ufunguo anao nani? Nikasema mimi peke yangu. Yule mama akauliza tena taratibu, akidhani sijasikia. Nilikuwa nimesikia. Nikarudia uongo wangu. Akaandika, akanishukuru, wakaenda zao.

Nilipanda mashine nikaanza kulainisha barafu. Raundi ya tatu akili ikafunguka. Kama ufunguo ni wangu tu, basi kila kilichotokea mle chumbani nimekifanya mimi. Na neno hilo la "mimi tu" sikulitunga, nilipewa na rafiki yangu mezani pangu, akiwa ameshika karata.

Ukweli ni huu. Septemba mwaka jana, Maïka alipoingia timu, Gaétan aliniomba nimchongeshee ufunguo wa pili. Unajua desturi yetu, viatu vya barafuni vya mlinda lango vina makali yake na kocha hunoa mwenyewe. Akasema hataki kunikimbilia kila mara akivihitaji. Nilimchongeshea siku hiyohiyo. Sikuiandikia klabu. Rafiki haandikishwi.

Tena kuna siku nilimwona akitoka mle chumbani, mlango akaurudisha nyuma yake. Msichana alitoka baadaye sana, kofia ya kuchezea, ile inayoziba uso, iko kichwani tayari, na kwa kawaida huivaa barafuni. Nilijiambia, anavinoa viatu. Lakini mikononi Gaétan hakuwa na viatu. Niliona hivyo, Josiane. Masikio yangu ni mabovu, macho hayana ubaya wowote.

Jioni ile ile ya Novemba 28 nilikwenda kwa Gaétan nikamwomba ufunguo. Hakuuliza kwa nini. Alinitazama tu, akasema, "Yvon, mimi nilimbeba Huguette."

Nikamwambia, "Ulimbeba. Nipe ufunguo."

Alinipa. Asubuhi niliendesha kilomita sabini kwenye theluji mpaka kituo cha polisi, nikaweka ufunguo mezani na kusema kwamba jana nilidanganya.

Sasa pale kwenye kahawa nikikaa, kiti cha pembeni hakina mtu. Wanasema nimemuuza rafiki kwa maneno ya mtoto. Sijui mtoto kasema nini, sikuambiwa wala sikuuliza.

Swali langu ni moja, nalo nijibu kwa ukamilifu kama ulivyonitaka mimi. Je, ulinishuku?

Baba yako, kama bado unataka,
Yvon


Rimouski, Januari 28, 2019

Baba,

Natumaini unalala. Mimi sijalala vizuri tangu vuli.

Ndiyo. Nilikushuku. Kuanzia barua yako ya "mimi peke yangu" ilipofika mpaka niliposikia redioni, Desemba 10, kwamba kocha amesimamishwa. Siku ishirini na nne. Nilikumbuka kila mara uliponifunga kamba za viatu nikiwa mdogo, nikawa naigeuzageuza kumbukumbu hiyo kama mtu anayekagua noti bandia. Hakuna kitu kibaya nilichokipata. Lakini nilikitafuta, baba, na kwa hilo naona haya.

Kuna jambo moja nataka ulijue. Nimemwomba Maïka na mama yake ruhusa, wamekubali. Mwisho wa somo, kila kijana huandika swali bila jina na kulitia kwenye sanduku. Lake lilikuwa hili: "Mwenye ufunguo wa chumba ni mzee wa barafu peke yake. Sasa kama mtu anafungua nikiwa nabadilisha nguo, nimwambie nani?"

Hakuweka jina. Lakini katika timu yenu nani mwingine anabadilisha nguo peke yake? Nilitoa taarifa jioni hiyohiyo, kabla sijaja kwako kula. Ndiyo maana nilichezea uma.

Alidhani wewe ndiwe uliyetoa ufunguo ukijua wa nini. Kwa hiyo mtu wa karibu kuliko wote, anayemfungulia kila siku, ndiye hakuweza kumwambia.

Binti yako,
Josiane


Sainte-Ludivine, Machi 17, 2019

Mwanangu mpendwa Josiane,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliiweka kwenye sanduku la vifaa na kila nikiifungua nilikuwa naifunga tena.

Usione haya kwa zile siku ishirini na nne. Ungekataa kunishuku kwa kuwa mimi ni baba yako, ungefanya nilichomfanyia Gaétan. Shaka yako imenichoma, sikudanganyi, lakini ilikuwa halali yangu. Kesi itasikilizwa vuli na mimi ni shahidi. Nitasema habari za ufunguo na za kofia, mbele ya mji mzima.

Jumamosi Maïka alirudi uwanjani, mara ya kwanza tangu kocha asimamishwe. Alikuja na mama yake. Nilikuwa nimebadilisha kufuli zima la chumba cha marefa, nikasimama mbali kidogo, nikaweka ufunguo juu ya benchi. Sikuupeleka mkononi mwake.

Nikamwambia, "Huu ni wako. Sikukuuliza na nilipaswa kukuuliza. Nisamehe, au usinisamehe."

Aliuliza, "Mwingine anao nani?"

"Mama yako."

"Na wewe?"

"Mimi sina."

Akamtazama mama yake, mama akatoa wake mfukoni akamwonyesha. Basi akaingia. Alifunga kwa ndani, akafungua, akafunga tena. Mimi nilikuwa nimeshageuka, niko karibu na mashine, na unajua jinsi masikio yangu yalivyo. Lakini kufuli lile nililisikia mara zote mbili.

Njoo Pasaka. Nitapika mimi, na kahawa uinywe.

Baba yako,
Yvon