Wageni wa Uongo na Migomba ya Mama

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini kifua kimepoa na ng'ombe amezaa salama. Mimi huku Ujerumani ni mzima, ila baridi na wasiwasi vinanila pamoja. Barua hii nimempa mke wa mchungaji anayerudi Machame, maana njia nyingine umezifunga zote. Nilikuonya usipokee namba za nje usizozijua, sasa hupokei hata yangu. Wifi Ndeshi alipokupa simu yake nikusalimie, ukamwambia siku hizi sauti zinaigizwa. Basi angalia mwandiko huu. Ulinifundisha mwenyewe, utautambua.

Baba, nasikia fundi ameshafunga kamba kwenye migomba iliyo kando ya kaburi la Mama, ili ujenge vyumba vya wageni. Nakuomba usimame hapo hapo.

Wale wageni mamia unaowaona kwenye takwimu za tovuti yetu ya kukaribisha watalii wa kahawa si watu. Kazi yangu huku ni kusafisha tovuti, na ile orodha ya tovuti zinazodai kutuletea wageni sikuiamini tangu mwanzo. Muuza vidonge vya kupunguza unene, tena wa ng'ambo, atutumie watu waje kutwanga kahawa Machame kwa lipi? Matapeli wana mitambo inayobisha hodi na kuacha anwani zao mlangoni, wala hakuna aliyeingia. Wanataka mwenye nyumba aone anwani, aibonyeze. Nawe ukabonyeza! Tena si kwa udadisi, bali kwa heshima. Nilipokugombeza ulisema, "Binti yangu, mtu akuletee wageni, ukae kimya bila hata kumwambia aika? Mimi sikulelewa hivyo." Ukawaandikia shukrani, ukawaachia namba yako, ukauliza mkungu wa ndizi uwapelekee wapi. Nilicheka, kisha nikaogopa. Ndio hao waliokuwa wakikupigia kutaka ada ya usajili.

Nimewachuja wote. Waliobaki ni wachache mno, na karibu wote wanatufungua kwa simu. Kumbe kwenye simu picha ya mlima ilijaa kioo kizima, namba yako ikabaki chini kabisa, watu wakachoka wakaondoka. Nimeipunguza. Sasa namba iko juu, mtu akiigusa tu simu yako inalia.

Na ililia. Wifi anasema Jumapili mlipotoka kanisani ulipokea bila kuangalia namba, ukamfokea mtu, "Mwizi mkubwa we! Hapa hakuna kahawa, hakuna kitanda, niache nile mtori wangu!" Nikaangalia rekodi. Muda ule ule mtu aliyeko Nairobi alifungua ukurasa wetu kwa simu, akasoma mpaka mwisho, akagusa namba. Nami nilimshuku, nikamkagua kama mtu wa forodha pale mpakani Holili. Sikuona kosa. Huyo ni mtu, Baba, mgeni wetu wa kwanza wa kweli.

Mpigie umtake radhi, namba yake imo kwenye simu yako. Akija alale chumbani kwangu, mimi siji kabla ya Krismasi. Kwa mgeni mmoja hatukati migomba aliyoipanda Mama.

Nisalimie Wifi, mkwe wako asiyenificha kitu, Kaka Elinami anayepandisha watalii mlimani, na Shangazi muuza maziwa wa sokoni Mawenzi. Fundi mwambie akafungue kamba zake.

Ukishamaliza na huyo wa Nairobi, Baba, pokea na yangu. Ni mimi kweli, na nimekukumbuka.

Mwanao,
Haikaeli