Ningu Jike

Kashai, Bukoba
3 Machi 2024

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Habari za hapo Kishanda, na masikio je? Simu husikii tena, ndiyo maana nimempa kondakta barua hii. Mimi mzima, ila kazini hatuna raha. Kwenye bwawa la kituo chetu cha kuzalisha samaki wamebaki ningu madume wawili, nao wamezeeka. Jike hatuna, na bila mayai hakuna vifaranga vya kurudisha mtoni. Mvua zikianza, ningu wakipanda mto kutaga, naomba unitafutie jike mwenye mayai, akiwa hai. Hai, Tata, si wa mchuzi! Tukimkosa mwaka huu, basi tena.

Mwanao,
Benigna

Kishanda
11 Aprili 2024

Mwanangu Benigna,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako anakusalimu, mgongo wake umetulia. Nimempata! Jirani yetu Awadhi amemnasa leo asubuhi, tumbo limejaa mpaka anageuka kwa shida. Watu walishabandika sufuria, nimewafukuza. Wewe uliyekuwa ukiziba pua kwa harufu ya samaki, leo ndiye mkunga wao! Ndoo zote ndogo, nikaona aibu kumbana mgeni wako. Nimemlaza kwenye mtumbwi wetu wa rubisi, ule tunaokamulia ndizi za pombe. Nimeusugua kwa maji ya moto, nikajaza maji ya mto. Barua hii naituma kwa bodaboda. Njoo upesi.

Baba yako,
Tata Ishengoma

Kishanda
15 Aprili 2024

Mwanangu,

Ulifika salama? Mimi tangu uondoke chakula hakipiti. Ulimkuta amegeuza tumbo juu, ukanusa yale maji, kisha ukasema labda alikuwa mgonjwa. Usinidanganye, mwanangu. Mbao ile imekunywa pombe tangu enzi za babu yako, maji ya moto yangefanya nini? Nimemuua mimi, kwa kumpa chombo cha heshima. Watu walitaka kumla, nikamzika kwenye migomba. Sasa kila alfajiri niko mtoni na Awadhi. Pipa jipya nimeshanunua. Mama yako ananigombeza kwa ajili ya kikohozi, lakini siachi mpaka nimpate mwingine.

Tata yako

Kashai, Bukoba
2 Juni 2024

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Mama amenipigia, anasema kikohozi hakijaisha na bado unaingia majini. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na neno la kukupa moyo. Kweli nilikudanganya. Nilikuona ukimfunika yule samaki kwa jani la mgomba, nikashindwa kukuambia kweli. Sikukasirika, Tata. Nililia njia nzima mpaka Bukoba.

Dume mmoja alikufa mwezi uliopita. Wa pili amekufa jana, nikiwa nimemshika. Hata ukimpata jike leo, hapa hakuna tena anayemngoja. Tafadhali, Tata, toka majini.

Mwanao,
Benigna