Magurudumu Matatu ya Yaya Odile

Yaya Odile,

Leo tunaondoa matanga yako. Ua umejaa walimu wenzako, waimbaji wa kanisa na majirani. Nimeombwa mimi, mdogo wako wa tumbo moja, kutoa neno la familia. Nimeona afadhali nikuandikie wewe na kukusomea kwa sauti mbele yao, maana katika ukoo wetu ni wewe tu uliyekuwa na desturi ya kusikiliza hadi mwisho.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi wadogo watatu wa marehemu baba walipoketi kuigawa baiskeli yako ya umeme ya magurudumu matatu, ile uliyombebea mama tangu miguu yake ilipokataa. "Roue iko tatu, na shiye tuko batatu," akasema Baba Mudogo Ilunga, kwa uso wa mtu aliyefumbua fumbo la dunia. "Mungu mwenyewe njo alipanga." Wenzake wakapiga makofi. Spana zikatoka, kila mmoja akaenda na gurudumu lake. Nimesoma habari za falme nyingi zilizogawanywa; sijasoma za wajinga walioridhika kiasi hiki.

Ilunga, kwa ukubwa wake, alichukua batri na gurudumu la mbele, lenye mota ndani ya kitovu. Akalifunga kwenye kinga yake, baiskeli kuukuu ya kukanyaga, bila kile kibao cha chuma kinachoushika mhimili. Alipowasha, mhimili ukajizungusha wenyewe, ukausokota waya hadi ukakatika. Sasa anatangaza sokoni kwamba motere ya Odile "iko na bulozi". Asiyejua kukaza nati humsingizia marehemu uchawi.

Baba Mudogo Ngoy amelitia lake kwenye toroli ya matofali. Njiti za gurudumu zimelegea, na duara limepinda mfano wa mdomo wake akisalimia wageni. Wa tatu, Baba Mudogo Kasongo, hakuwa hata na werevu wa kuharibu. Amelitundika sebuleni. Eti ni kumbukumbu yako. Miguu ya mama, Yaya, imetundikwa ukutani, na wageni wanaisifia.

Mama hajafika kanisani tangu ulipolala. Hajafika hata kaburini kwako. Binti yake mwenyewe... Acha nipumue.

Nakumbuka siku ulipoyachagua magurudumu hayo. Muuzaji alikusukumia magurudumu membamba yenye kumetameta, nawe ukayapita, ukashika haya ya rangi ya masizi, yenye njiti nene na tairi pana ya kuumudu mchanga wetu. "Roue ya kungaa haibebake mama," ukamwambia. Na kila Jumamosi ulikaa chini, ukazigonga njiti moja moja kwa mpini wa kijiko, ukiniita karibu: "Sikia, mudogo wangu. Hii inalia, hii inanyamaza. Ya kunyamaza njo itatuangusha."

Basi sinyamazi.

Ninaposoma haya, mama yuko mbele ya watu wote. Ameomba mwenyewe aketishwe juu ya baiskeli yako, kwenye matofali niliyoyapanga palipokuwa magurudumu. Baba zetu wadogo wako kwenye viti vya heshima, na nawajua: watakuwa wakitazama viatu vyao. Nyumba zao haziko mbali. Bukari, ugali wetu, imeiva, nyama ya mbuzi imeiva, na akina mama wa kanisa wamekubaliana nami kwamba hakuna mfuniko utakaoinuliwa kabla magurudumu hayajarudi na mama hajafika kwako.

Lala salama, Yaya. Nakuahidi: duara nitalinyoosha, njiti nitazikaza, na kila Jumamosi nitazigonga kwa kijiko chako kilekile. Ila waya wa mota hautaunganika leo. Kwa hiyo leo mama atakuja kwako kwa kusukumwa, ameketi wima, na wasukumaji ni watatu, wale wale wa spana.

Mungu mwenyewe njo alipanga.

Mudogo wako.