Nimelala vitanda tisa kwa usiku mmoja

Jumatano, Kashikishi. Upepo umetulia tangu saa tisa mchana, lakini ziwa bado limejaa mapovu meupe mpaka mbali.

Nina hasira. Naandika hilo kwanza, nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilikuwa mtulivu.

Kwa msomaji asiyenijua: kazi yangu ni mapokezi katika nyumba ya wageni iliyo juu kidogo ya bandari. Miaka sita nimekaa nyuma ya meza ile na rejista ya jalada jekundu. Safu zake zilichorwa na marehemu mzee aliyejenga nyumba. Jina, unatoka wapi, chumba na kitanda, unaelekea wapi, mtu wa kuitwa kukitokea jambo. Safu mbili za mwisho aliziongeza baada ya boti moja kuzama na watu waliolala kwake, na hakuna aliyejua waliopanda ni akina nani. Kwetu nahodha anahesabu vichwa, haandiki majina. Majina yalikuwa mezani kwangu. Boti ikichelewa, hata polisi walianzia kwenye kitabu chetu.

Mwezi uliopita mtoto wa mzee, ba Chola kama tunavyomwita kwa heshima, ambaye sasa ndiye bosi na anakaa Mansa, alikuja na karatasi yenye msimbo wa QR. Akaibandika ukutani kwa mikono yake. Mgeni anaelekeza simu pale, fomu inafunguka, anajaza jina, namba, barua pepe, chumba na kitanda. Basi. Rejista akaitupa kwenye buti ya gari. Alisema kitabu kinatuonyesha washamba, na kwamba asiyeskani asipewe ufunguo.

Sikubishana naye. Nilisema "sawa, bosi" na nikampigia magoti kidogo kama tulivyofundishwa.

Jana jioni waliingia akina mama tisa wa biashara ya samaki wakavu, wakimbizi kutoka Kongo wanaoishi na kulima huku kwetu. Wanalala watatu watatu katika chumba. Simu zao zote ni za vitufe. Mmoja wao, mfupi, mwenye sauti ya kujaza nyumba, aliikagua ile karatasi ya QR kama mtu anayenunua nguo sokoni, kisha akaniita yaya, yaani dada kwa Kiswahili chao.

"Yaya, hii kitenge gani umebandika ku ukuta? Haina hata maua!"

"Unikatie yadi mbili," mwenzake akadakia, "nivae ku misa."

"Weye! Ukivaa hii, bwana yako atakuskani!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka. Halafu nilifanya jambo ambalo tangu asubuhi najilaumu kwalo. Nilichukua simu yangu mwenyewe, nikaskani kwa niaba yao. Simu yangu inalijua jina langu na namba yangu, inajaza yenyewe kabla sijagusa kitu. Nilibadilisha chumba na kitanda tu. Mara tisa. Akina mama walikuwa wamechoka, na bosi anataka idadi ya wageni ilingane na idadi ya vitanda vilivyolaliwa.

Ililingana.

Leo waliondoka kabla jua halijatoka. Saa mbili upepo ukaamka. Saa nne bandarini walikuwa wanasema kuna boti ya kwenda kisiwa cha Kilwa, hiki cha humu ziwani kwetu, ambayo haikufika, na haionekani.

Saa tano akaingia mwanaume mmoja na baiskeli yake, akaiangusha mlangoni bila kuiegemeza. Jina lake Ilunga. Alitoka Nchelenge mjini, habari alizikuta sokoni.

"Yaya, mama yangu alilala hapa. Anaitwa Feza. Alipanda ile boti, ao alienda na lori ya Mansa?"

Swali fupi kabisa. Kwa rejista nyekundu ningelijibu kwa kidole kimoja. Nilifungua orodha kwenye simu, naye akainama juu ya meza kuangalia. Jina langu. Jina langu. Jina langu, mpaka chini.

"Hii yote ni weye?"

"Ni mimi."

"Mi natafuta mama yangu, weye unanionyesha jina yako."

Akaanza kunieleza mama yake alivyo, mfupi, anacheka sana, na hapo nikamjua. Mama wa kitenge. Nilikuwa nakumbuka sauti yake, meno yake, alivyompiga mwenzake begani. Alikokwenda sikukujua, maana sikumuuliza. Zamani kalamu ilinilazimisha kuuliza. Fomu ya ba Chola haina swali hilo.

Nikampigia bosi. Nikamweleza kwa Kibemba, taratibu, kuanzia mwanzo. Alicheka. Alisema lazima niko hoi, kulala vitanda tisa kwa usiku mmoja. Kisha akasema mfumo hauna kosa, kosa ni la wageni wasio na simu za maana, na kuanzia sasa watu wa namna hiyo niwaelekeze kwingine. Nilipotaja boti akasema boti si kazi yetu.

Baba yake alichora safu mbili kwa sababu ya boti.

Ilunga alikaa kwenye ngazi akiangalia ziwa, tangu saa tano mpaka saa nane. Nilimpelekea maji, hakuyagusa. Ni mtu mzima, ana ndevu, na alikuwa analia bila kujificha. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na simu iliyojaa jina langu, nisijue hata kama alikuwa anamlilia mtu aliye majini au mtu aliye njiani kwenda Mansa.

Saa nane simu yake ikaita. Namba ngeni, ya muuza samaki wa Kabuta. Sauti iliyotoka humo niliisikia mpaka mlangoni.

"Ilunga, juu ya nini unalia? Samaki zimeenda, kitenge kimelowa, mi niko!"

Upepo uliisukuma boti yao mpaka ufukwe wa Kabuta. Wote walitoka, wamelowa, mizigo imebaki ziwani.

Ilunga aliinua baiskeli yake. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisema tu, "Yaya, siku ingine uandike jina ya mama yangu," akaondoka kumfuata.

Tangu hapo najaribu kupanga hasira yangu, kama ninavyopanga kila kitu. Ya ba Chola iko, tena kubwa. Alicheka. Lakini bosi yuko Mansa. Aliyekuwa mezani jana, anayeijua sababu ya kila safu, ni mimi. Nilitii nikijua. Na kama boti ile isingefika Kabuta?

Nimenunua kaye, daftari la kurasa mia mbili. Nimechora safu zote tano kwa rula. Kisha nikaandika moja mpaka tisa nijaze wageni wa jana, walau kwa kumbukumbu. Namba moja: Feza, kisiwa cha Kilwa, wa kuitwa ni Ilunga. Mistari minane iliyobaki ni mitupu. Nimeiacha hivyo hivyo, siichani.

Karatasi ya QR sijaibandua. Mwenye simu yake na askani, sina ugomvi na karatasi. Ila kalamu nimeifunga kwa uzi mezani.

Ba Chola amesema anakuja kesho, atalala hapa. Vizuri. Nitampokea kwa heshima zote, nitapiga magoti, na kabla sijampa ufunguo ataandika jina lake, na anakoelekea.