Mpaka Safari Abebe Kibuyu Chake

Tumati, Jumapili, Machi 1953

Na kwa nini nisijisifu? Watoto wangu watatu wote wamenona, hakuna hata mmoja aliyebemendwa kwa kuletewa mdogo wake mapema.

Leo mama mkwe alikuja. Nikamwamkia, akaitikia huku akimtazama Safari, kitinda mimba wangu, akinyonya.

"Meno yamejaa mdomo, bado ziwa tu. Mwachishe. Mwanangu amechoka kungoja, anataka mtoto mwingine."

Mkwe hajibiwi. Lakini sikujua kama mume wangu ndiye aliyemtuma. Tulikubaliana sisi wawili tangu mtoto wa kwanza: mimi nilale na mtoto, yeye alale upande wa ng'ombe, mpaka mtoto abebe kibuyu chake cha maji bila kuanguka. Labda amechoka kweli. Ningemlaumu vipi?

Alipoingia, mama yake akayarudia yale yale. Mume wangu akajaza maji kibuyu kidogo, akampa Safari. Mtoto akapiga hatua mbili, akaketi pwaa, maji yote yakammwagikia tumboni.

"Umeona, mama? Bado. Na mimi sijamwambia mtu kwamba nimechoka."

Mama mkwe akacheka mpaka akajifuta macho. "Haya, kalale na ndama wako."

Mume kama huyu Tumati hayupo mwingine, wanawake wenzangu wanisamehe. Jioni nilimpelekea blanketi la pili, kule kwa ng'ombe kuna baridi. Tulikaa kidogo tukiongea, halafu nikarudi kwa mtoto.

Kesho nitaanza kumfundisha Safari kubeba kibuyu.