Manjano Ndani ya Rejeta

Balsall Heath,
Birmingham

Shemeji yangu Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na Mize, na kwamba ule mgongo umeanza kukuachia. Sisi huku wazima, ila baridi ndiyo imeshapiga hodi, na watoto nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, basi tunakwenda hivyo hivyo. Barua hii anakuletea Asmahan, anayesafiri kuja huko nyumbani, kwa mkono wake. Nimemwomba akae nawe mpaka uimalize, tafadhali usimfukuze.

Ile pikapu yangu kuukuu, unayoicheka kwenye simu kuwa inakohoa kuliko bibi, ilipasuka rejeta nikiwa nimepakia makochi ya watu. Maduka ya spea yakanitazama kama nimeulizia spea ya meli. Wakasema rejeta ya gari ya umri ule haitengenezwi tena, nijaribu kwa wauza skrepa. Nawe unajua, bila pikapu mimi sina kazi.

Unajua pia kuwa gari hiyo ni pacha wa ile aliyoondoka nayo mume wako, kaka yangu Muzamil, asubuhi ile ya barafu huku, tusimwone tena yeye wala gari. Tangu hapo unamngoja. Kwa kadhi umekataa kwenda kuivunja ndoa, posa umezikataa, na kila mchana unampakulia sahani yake. Sikulaumu hata kidogo.

Basi nikaenda Hockley kwa Sukhdev, mzee wa Kalasinga aliyezaliwa Kisumu. Kiswahili chake cha bara kinanichekesha, na changu kinamchekesha yeye. Akaniambia nina bahati, anayo rejeta moja ya pikapu kuukuu kama yangu, aliimwaga maji mwenyewe, na imekaa kavu rafuni tangu majira ya joto. Nikaipakata niitoe nje. Loh, shemeji, ilikuwa na moto! Jua halikuwepo, mbingu ilikuwa imefunga. Ulikuwa moto wa gari iliyozimwa sasa hivi. Nikamwambia Sukhdev aiguse. Akaigusa, akaurudisha mkono haraka, na mzaha wote ukamwisha.

Nilipoiinamisha yakamwagika maji ya uvuguvugu. Yalikuwa na manjano. Kutu naijua, na ile haikuwa kutu. Ilikuwa manjano ya jikoni, harufu ikajaa gereji nzima. Unakumbuka Muzamil alivyokuwa akitia manjano kwenye rejeta ikivuja, kama alivyofundishwa na mafundi wa nyumbani? Hata huku hakuacha, mafundi wa hapa wakamcheka. Halafu nikaona kifuniko kimekazwa kwa kitambaa. Nikakisugua kwa kidole, nakshi za korosho nyekundu zikatokeza. Ile kanga yako, Thuwaiba, uliyompasulia kipande siku anasafiri. Sukhdev akaapa kuwa kitambaa hicho hakukiona alipoiweka rafuni, na uso wake ulikuwa umempauka.

Nikamuuliza imetoka wapi. Akasema imetoka kwenye pikapu iliyovutwa bwawani upande wa Shard End, maji yalipopungua wakati wa joto. Haikuwa na namba, milango wazi, ndani hamna mtu, wakadhani ni ya wizi. Nilikwenda polisi na kile kitambaa mkononi. Rejeta na kitambaa walivipiga picha wakaniachia, nami rejeta nikaifunga kwenye gari kwa kuwa sikuwa na nyingine. Kuanzia hapo, kila asubuhi nikishika boneti kabla sijawasha, naikuta ya moto, kana kwamba kuna mtu kaiegesha muda huo huo. Niliogopa, sikufichi. Nikawa naisomea Ayatul Kursiyyu kabla ya kufungua mlango.

Sasa sogea karibu na Asmahan. Wapiga mbizi waliingia lile bwawa, na Muzamil amepatikana. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Wamesema gari iliteleza kwenye barafu, hakuna mkono wa mtu. Sikuweza kukwambia haya kwa simu, ukayasikia ukiwa peke yako jikoni.

Nimemuuliza sheikh wetu habari ya eda. Amesema huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari. Yako ilishakwisha zamani, shemeji, nawe unampakulia. Nililia pale msikitini mbele za watu, wala sikuona haya.

Mwili bado haujazikwa. Nangoja neno lako, azikwe huku au aletwe kwenu. Kitambaa nimekitia ndani ya bahasha. Nimekifua na kukifua, manjano hayatoki.

Nibusie Mize, umwambie baba mdogo wake yupo. Wasalimie jirani zako wote, na mgongo usiuache bila dawa. Asubuhi ile waliyomtoa majini nilikwenda kuishika boneti kama kawaida. Ilikuwa baridi, na mpaka leo naandika ni baridi. Leo mchana, shemeji, pakua sahani yako na ya Mize tu.

Ni mimi shemeji yako,
Amour